Springi za Mlango wa Gereji: Zinavyobeba Mlango na Wakati wa Kuzibadilisha

Ukibonyeza rimoti, mota inanguruma na mlango unapanda. Ni rahisi kuamini kwamba mota ndiyo imeuinua. Ukweli ni kwamba mota haina ubavu huo. Mlango wa chuma wa gereji ya gari moja huwa na uzito wa kilo 40 hadi 70 hivi, wa magari mawili unaweza kupita kilo 100, na wa mbao ukazidi hapo. Zinazoubeba mzigo huo ni springi. Kazi ya mota ni kusukuma kidogo tu mlango ambao tayari umefanywa mwepesi.

Hapo ndipo tatizo linapojificha. Springi zikichoka, mota huanza kubeba kilo ambazo si zake, nawe huoni chochote kwa sababu kazi yako ni kubonyeza tu. Kisha siku moja unasikia kishindo gerejini, na asubuhi gari halitoki. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuijua hali ya springi kabla ya kishindo hicho, na la kufanya kikishatokea.

Maelezo haya yanahusu mlango wa vipande, yaani ule wenye mbao au mabati yaliyounganishwa kwa bawaba, unaopanda kwenye reli mbili kisha ukalala chini ya dari. Mlango wa kujikunja kama mkeka una springi iliyofichwa ndani ya bomba lake. Huo mwachie fundi.

Tambua springi ulizonazo

Ingia gerejini, funga mlango, simama ndani uutazame.

Kama juu ya mlango kuna shafti ya chuma iliyolala kutoka upande hadi upande, na juu yake kuna springi nene moja au mbili, hizo ni springi za kusokota. Upande mmoja wa springi umefungwa kwenye kipande cha chuma kilichokazwa ukutani, huo hausogei. Upande wa pili una koni iliyobana shafti kwa skrubu. Kwenye ncha mbili za shafti kuna dramu ndogo, na kila dramu ina kebo inayoshuka hadi kona ya chini ya mlango. Mlango ukishuka, kebo zinavuta dramu, shafti inazunguka na springi inasokoteka. Ukifungua, springi inajisokotoa, inazungusha shafti, dramu zinakunja kebo, na kona mbili za mlango zinapanda pamoja.

Kama juu ya mlango hakuna kitu, angalia kando, sambamba na reli zinazokwenda kuelekea nyuma ya gereji. Springi ndefu, nyembamba, moja kila upande, ni springi za kuvuta. Hizi hunyooka mlango ukifungwa na kujirudi ukifunguliwa. Kebo inatoka kona ya chini ya mlango, inapita kwenye kapi lililo juu ya reli, inakwenda kuzunguka kapi jingine lililoshikana na springi, kisha inafungwa. Kwa sababu ya kapi hilo la pili, springi hunyooka nusu tu ya urefu ambao mlango unasafiri.

Springi za kusokota huinua mlango kwa utulivu zaidi na hudumu zaidi. Za kuvuta ni rahisi kununua na hazihitaji nafasi kubwa juu ya mlango.

Kwa nini mlango mzima hutulia popote unapouachia

Sehemu hii watu huiruka, lakini ukiielewa huwezi tena kudanganywa na mtu anayetaka kukuwekea “springi kali zaidi”.

Mlango ukiwa umefungwa, uzito wake wote unaning’inia kwenye kebo. Ukianza kupanda, kipande cha juu kinapita kwenye kona ya reli na kulala. Kuanzia hapo kinabebwa na reli, si kebo. Kinafuata cha pili, cha tatu. Kwa hiyo uzito unaoning’inia unapungua kadiri mlango unavyopanda, na karibu na mwisho umebaki kidogo sana.

Springi nayo inafanya vivyo hivyo. Ina nguvu nyingi kabisa mlango ukiwa chini, kwa kuwa imesokotwa au kunyooshwa mpaka mwisho. Kila mlango unapopanda, springi inalegea. Ustadi wote wa mtengenezaji ni kufanya nguvu ya springi ipungue kwa mwendo ule ule ambao uzito unapungua. Ndiyo maana mlango uliopimwa vizuri ukiuachia katikati unakaa pale pale, haushuki wala haupandi.

Kwa mlango wa kawaida wa urefu wa mita 2.1, springi ya kusokota hukazwa mizunguko kama 7 na nusu. Kwa wa mita 2.4, kama 8 na nusu. Sehemu kubwa ya mizunguko hiyo inalingana na mara ambazo dramu huzunguka mlango unapopanda. Kinachobaki, chini ya mzunguko mmoja, ni cha kuzuia kebo isilegee mlango ukiwa juu kabisa. Sasa fikiria fundi ameweka springi yenye nguvu kupita kiasi. Mlango utaruka juu, utagoma kukaa chini, na mota itafanya kazi ya kuuzuia badala ya kuusukuma. Springi kali kupita kiasi ni kosa kama ilivyo springi dhaifu.

Umri wa springi hauhesabiwi kwa miaka

Ukikunja waya huku na huku, utafika wakati utakatika ingawa hujauvuta kwa nguvu. Springi hufa kifo hicho hicho, ila polepole. Kila kufungua na kufunga ni mzunguko mmoja, na springi za kawaida hutengenezwa kwa makadirio ya mizunguko 10,000.

Fanya hesabu ya nyumba yako. Mlango unaotumika mara 2 kwa siku utafika mizunguko hiyo baada ya miaka 13 na ushee. Mara 4 kwa siku, ni kama miaka 7. Familia inayotumia gereji kama mlango mkuu, watoto wakitoka na baiskeli na kurudi, inaweza kufikisha mara 8 kwa siku, na hapo springi imemaliza hesabu yake kabla ya miaka 3 na nusu. Kwa hiyo anayekuambia “springi hukaa miaka kumi” hajakuuliza swali la msingi.

Makadirio si ahadi. Kutu hupunguza umri kwa sababu huchimba vishimo kwenye chuma, na mpasuko huanzia kwenye kishimo. Baridi nayo ina mkono wake. Springi iliyokwisha kuchoka hupenda kukatika asubuhi ya baridi, mlango unapoanza kusogea.

Jaribio la mkono, hatua kwa hatua

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakihitaji kifaa. Kifanye angalau mara mbili kwa mwaka.

Hatua ya 1. Funga mlango mpaka chini. Usianze jaribio hili mlango ukiwa juu. Ukiitenganisha mota wakati springi imekatika, mlango utaporomoka, na chini yake huenda umesimama wewe.

Hatua ya 2. Kabla ya kugusa chochote, tazama springi na kebo. Ukiona springi ya kusokota ina pengo, kama imegawanyika vipande viwili, au kebo imelegea na kuning’inia, ishia hapo. Jibu umeshalipata.

Hatua ya 3. Chomoa mota kwenye umeme, kisha vuta kamba ya dharura inayoning’inia kwenye reli ya mota. Mara nyingi ina kishikio chekundu. Utasikia mlio wa kufunguka. Mlango sasa uko huru.

Hatua ya 4. Shika mlango kwenye mpini wake au ukingo wa chini kwa mikono miwili, uinue taratibu. Usiweke vidole kwenye maungio ya vipande. Mlango ukisogea, maungio hayo hufumba na hayana huruma. Mlango mzima unapaswa kuinuka kwa nguvu ndogo, na nguvu iwe ile ile kutoka chini hadi juu.

Hatua ya 5. Usimamishe kwenye usawa wa goti, kisha kiuno, kisha bega. Kila mahali, punguza mkono polepole ukiwa tayari kuushika tena, uone unafanya nini.

Ukitulia, au ukisogea sentimita chache kisha ukatulia, springi ziko sawa. Ukishuka kwa uzito, springi zimelegea, zimechoka, au moja kati ya mbili imekatika bila wewe kujua. Ukipanda wenyewe, zimekazwa kupita kiasi. Ukikwama mahali pamoja tu na kwingine ukateleza, usizilaumu springi: tafuta kigurudumu kilichokufa au reli iliyopinda. Na ukipanda upande mmoja ukitangulia, tazama kebo, au, kwa springi za kuvuta, linganisha ya kulia na ya kushoto.

Hatua ya 6. Ushushe mpaka chini, uunganishe mota tena kama kitabu chake kinavyoelekeza, kisha ufungue na kufunga mara moja kwa rimoti kuhakikisha umeshika.

Dalili nyingine za kutazama

Kishindo kikali gerejini, kama bunduki au kitu kizito kimeanguka, halafu ukienda huoni kilichoanguka: hiyo ni springi ya kusokota. Pengo lake huwa la sentimita kama 5, kwa sababu springi iliyokuwa imesokotwa hujirudi ghafla.

Mota kuinua mlango sentimita kadhaa, kusimama, kisha kuurudisha chini, ni dalili kwamba mota imekutana na uzito isioutarajia. Wapo wanaopandisha kipimo cha nguvu cha mota ili “isaidie kidogo”. Usifanye hivyo. Kipimo hicho ndicho kinachoifanya mota isimame ikigonga mtu, na meno ya gia zake mara nyingi ni ya plastiki.

Kwa springi za kuvuta, fungua mlango mpaka juu uzitazame zikiwa zimepumzika. Mapindo yake yanapaswa kugusana. Ukiona mwanga katikati ya mapindo, springi imenyooka na haitarudi. Kagua pia ndoano za mwisho na ekseli ya kapi. Mara nyingine springi ni nzima lakini ndoano imeliwa nusu.

Kelele peke yake si dalili ya kifo. Springi inayolia ikisokotwa inaweza kuwa inaomba mafuta tu.

Ikishakatika

Kama mlango uko chini, una bahati. Uache hapo hapo, chomoa mota, usijaribu rimoti “mara ya mwisho”. Ikiwa ni lazima gari litoke, itenganishe mota mlango ukiwa umefungwa, tafuta watu wazima wawili au watatu wenye nguvu, inueni pamoja, kisha banani praya ya kujifunga kwenye kila reli chini ya kigurudumu ili mlango usirudi. Toeni gari, uteremsheni kwa mikono. Mlango mzito wa magari mawili au wa mbao usiuguse kwa njia hii, mngoje fundi.

Kama uko juu, hali ni ya hatari zaidi. Usivute kamba ya dharura, kwa kuwa huenda mota ndiyo kitu pekee kilichoushikilia. Bana praya kwenye reli zote mbili kama uwezavyo kuzifikia bila kusimama chini ya mlango, zuia watoto na wanyama, usipite wala kupitisha gari, kisha piga simu.

Kuchagua springi mpya

Mlango wenye springi mbili ukikatika moja, badilisha zote mbili. Zilifungwa siku moja, zimefanya mizunguko ile ile, na iliyobaki iko karibu na mwisho. Zaidi ya hayo, mpya na kuukuu hazivuti sawa. Kubadilisha moja ni kulipia kazi mara mbili.

Springi ya kusokota hutambuliwa kwa vipimo vinne: unene wa waya, kipenyo cha ndani, urefu ikiwa imelegea, na upande inaosokotwa. Unene wa waya usiupime pindo moja, utakosea. Pima urefu wa mapindo 20 yaliyobanana, kisha ugawanye kwa 20. Ukipata milimita 105, waya una milimita 5.25. Usahihi huo una sababu: ugumu wa springi hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wa waya. Waya wa milimita 5.5 badala ya 5.25, tofauti ambayo jicho haliioni, hutoa springi ngumu zaidi kwa asilimia 20 hivi. Springi iliyokatika unaweza kuipima bila hofu, maana haina nguvu tena. Nzima iliyo karibu nayo usiiguse.

Springi za kuvuta huchaguliwa kwa urefu wa mlango na uzito wake. Rangi iliyopakwa kwenye ncha mara nyingi huonyesha uzito inaoubeba, kwa hiyo mbili za mlango mmoja lazima ziwe na rangi moja. Usiihamishie kanuni hiyo kwenye springi za kusokota: huko rangi nyekundu na nyeusi za koni kwa kawaida huonyesha upande wa kusokotwa, wala hazisemi lolote kuhusu uzito.

Ikiwa mlango umebadilishwa vipande, umeongezewa vioo au umepakwa rangi nzito mara nyingi, vipimo vya springi ya zamani havitoshi. Fundi aupime uzito mlango wenyewe, springi zikiwa zimelegezwa, kwa kuushusha juu ya mizani.

Na kama mlango wako unafanya kazi nyingi, uliza springi za mizunguko 20,000 au zaidi. Huwa na waya mnene na urefu zaidi, kwa hiyo zinatoa nguvu ile ile huku kila pindo likiteseka kidogo. Kwa nyumba ya mara 8 kwa siku, nisingefikiria mara mbili.

Kazi ipi ni yako, ipi ni ya fundi

Springi za kusokota mwachie fundi. Najua video zipo na zinaonyesha kazi ya nusu saa. Zisichoonyesha ni kwamba kulegeza skrubu mbili za koni iliyokazwa mizunguko 7 ni kuachia nguvu yote iliyokuwa inabeba mlango, na nguvu hiyo hupitia kwenye chuma ulichoshika mkononi. Fundi wa kweli hukaza kwa nondo mbili za chuma zilizotengenezwa kuingia barabara kwenye matundu ya koni, anapokezana moja baada ya nyingine, akisimama kando na si mbele yake. Ukimwona ametoa bisibisi kuitumia badala ya nondo, mshukuru na umsindikize.

Vishikizo vya kona za chini, vile vinavyoshika kebo, visifunguliwe mlango ukiwa umefungwa, hata kama unataka kubadilisha kigurudumu tu. Vinabeba mvuto wote wa springi, za aina yoyote.

Springi za kuvuta, mtu makini mwenye msaidizi anaweza kuzibadilisha, kwa sababu mlango ukiwa juu kabisa karibu mvuto wote umekwisha. Mlango ukiwa bado umefungwa, chomoa umeme na itenganishe mota. Inueni mlango mpaka juu, mbane praya kwenye reli zote mbili chini ya kigurudumu. Piga picha ya kila upande: kebo inapita wapi, imefungwa tundu la ngapi. Picha hiyo itakuokolea mchana mzima. Legeza kebo, toa springi ya zamani upande mmoja. Pitisha waya wa usalama katikati ya springi mpya na uufunge ncha zote mbili. Huo ndio utakaoizuia springi isiruke gerejini siku itakapokatika. Kama ya zamani haikuwa nao, sasa ndiyo nafasi ya kuuweka. Rudisha kapi na kebo kama kwenye picha, kisha fanya upande wa pili, tundu lile lile. Ondoeni praya huku mmeushika mlango, uteremsheni polepole, na urudie jaribio la mkono kabla ya kuiunganisha mota. Ukishuka kwa uzito, inueni tena, mubane, uvute kebo pande zote mbili kwa kiasi sawa.

Baada ya hapo

Pulizia springi mafuta ya silikoni au ya lithiamu mara mbili kwa mwaka, kwa wepesi, kisha ufute yanayodondoka. Ile dawa nyepesi ya kulegeza nati zenye kutu hukauka mapema. Si kilainishi cha springi. Reli hazihitaji grisi, zinahitaji kufutwa, kwani grisi hukusanya vumbi na vigurudumu vikaanza kuteleza badala ya kuzunguka.

Springi mpya zikishafungwa, mota nayo ipangwe upya. Kama mtu alikuwa ameipandisha nguvu kusaidia springi zilizochoka, irudishwe chini. Weka kipande cha mbao cha sentimita 4 hivi sakafuni, katikati ya mlango, ufunge kwa rimoti: mlango ukigusa mbao lazima urudi juu wenyewe.

Kisha chukua kalamu ya wino usiofutika, uandike upande wa ndani wa mlango tarehe ya kufungwa, vipimo vya springi na mizunguko iliyokadiriwa. Yeyote atakayekuja kuihudumia gereji hiyo, uwe wewe au mwingine, ataanzia kwenye hesabu.